Wariara wa Makundi Mawili

Jumatatu ya pili ya Februari 2008, saa mbili unusu asubuhi, Nabalayo alifungua mwongozo wa toleo jipya la XSLT, lugha ya kompyuta ya kupanga upya orodha, akaanza kusoma sura ya makundi. Alikuwa ametoka kwenye hema alimolala na mumewe Waithaka na binti yao Wariara, mwenye miaka sita, tangu nyumba yao ya mtaa wa Rhonda ichomwe katika ghasia za baada ya uchaguzi.

Dirisha la ofisi lilitazama kambi. Nabalayo alipopanga orodha ya wakimbizi, watu wenyewe walijipanga huko chini, magodoro kichwani. Kwa toleo la zamani, kuunda makundi kulihitaji mistari arobaini ya ujanja, na watu walizunguka nusu saa wakikanyagana. Toleo jipya lilitaka mstari mmoja. Alijaribu kwa namba za nyumba, na kila familia ikawa pamoja kabla hajashusha kikombe.

"Hii version iko sawa," alisema Navneet, mwenye ofisi. "Angalau wazee hawasukumwi."

Saa nne aliingia Bwana Micah wa kamati ya misaada.

"Madam, tunataka kwa kabila. Lori moja Othaya, ingine Webuye."

"Na wenye wameoana?"

"Kila mtu kwao. Mtoto aende na babake. Fomu iko na nafasi moja tu ya kabila."

Badiliko lilikuwa neno moja. Nabalayo aliliandika, maana ndiyo kazi iliyokuwa ikiwalisha. Chini, Waithaka alimshika Wariara mkono, wakavuka uwanja hadi lori la Othaya, kwao Waithaka, bila kugeuka. Nabalayo alilia, wala hakujificha. Bwana Micah alimpa leso, kisha akauliza orodha itachapwa saa ngapi.

Mwisho wa sura, mwongozo ulieleza kwamba sasa jina moja laweza kuwekwa katika makundi mawili kwa mpigo. Nabalayo na Waithaka walikuwa na kabila moja moja. Wariara alikuwa na mawili. Nabalayo aliyaandika yote mawili, akabonyeza.

Wakawa Wariara wawili, wote na gauni la njano na kandambili iliyokatika. Mmoja alibaki na baba yake. Mwingine alipanda ngazi za ofisi, akaomba maji. Bwana Micah alihesabu upya, akaongeza blanketi moja, akatia sahihi. Fomu ilibaki na nafasi moja. Saa tisa malori yaliondoka, moja likienda Othaya kupitia Nyahururu, lingine Webuye kupitia Eldoret.

Jumapili, kule kwao Webuye, Nabalayo alimkalisha binti yake chini amsuke. Alikuwa mtoto mzima, hakupungukiwa na chochote.

"Mama, na yule mwingine anasukwa na nani? Baba hajui kusuka."

Ni kweli, Waithaka hakujua. Nabalayo aliufumua msuko aliokuwa ameumaliza, akampa mtoto kioo, akaanza tena polepole, akimwonyesha kila kidole kinapopita, huenda yule wa Othaya naye akaona.