Maziwa ya Ubavu wa Diriye

Siku ya tano baada ya Diriye kupasuliwa tumbo, mkewe Khadijo aliingia wodini Garissa na birika la chai, akamkuta muuguzi akibadilisha bakuli chini ya kitanda. Saratani ilikuwa imeondolewa pamoja na nusu ya tumbo, lakini mshono wa ndani ulikuwa umeachia. Kwenye mpira mwembamba uliotoka ubavuni yalikuwa yakichuruzika maziwa ya ngamia, ya moto, yenye povu.

"Amekunywa nini?" Khadijo aliuliza.

"Maji ya sukari, vijiko viwili. Hili ni bakuli la tatu. Kesho, mama, lete chombo kikubwa."

Daktari alikuja, akanusa, akaandika. Akamweleza Khadijo bila kuzunguka: anayepona bila matatizo aghalabu huishi miaka, lakini wa kuvuja na homa, wengi hawafiki mbali, maana mwili unamaliza nguvu kwenye usaha, na ugonjwa ukirudi haukuti wa kupigana naye. Ale anenepe. Apate maziwa.

"Si haya hapa?" alisema Diriye kwa sauti ya mgonjwa.

"Haya yanatoka, mzee. Mimi nataka yaingie."

Yaingie kutoka wapi? Ulikuwa mwaka wa 1966, wakati wa vita. Watu walikuwa wamefungiwa vijijini ndani ya ua wa miba, na ngamia kumi na mmoja wa Diriye walichukuliwa na serikali. Baadaye ofisi ya mifugo ilitangaza kwamba wote wamekufa kwa maradhi. Khadijo aliwalia, akawasamehe kwa kufa.

Basi akachovya kidole bakulini, akaonja. Mwanamke aliyekulia nyuma ya ngamia akionja maziwa hujua mnyama kala mti gani.

"Huyu ni Addey wetu," alisema. "Na wanamlisha mwarobaini, hawana haya."

Mwarobaini hapo mjini ulikuwa mmoja tu, nyuma ya ofisi ya mifugo. Khadijo akajitanda mtandio, akaenda.

"Bwana, nimekuja kumchukua Addey."

Afisa alifungua faili. "Alikufa mwezi wa tatu."

Addey akaingiza shingo dirishani, akaanza kutafuna kalenda.

"Na huyu?"

"Huyu hayumo kwenye faili." Afisa akaivuta kalenda, ikabaki nusu. "Tena mwenyewe hana faida. Kila asubuhi anakamuliwa, hatoi hata tone. Chai nakunywa ya rangi, kama niko matangani."

"Najua. Yanatokea hospitalini."

Afisa aliandika barua siku hiyohiyo, akimwamuru daktari azibe kidonda kwa kuwa maziwa yale ni mali ya serikali. Daktari akajibu kwamba hata yeye anajaribu kukiziba tangu mshono ulipoachia.

Khadijo hakungoja wakubwa wapatane. Kilichotoka ubavuni alikirudisha mdomoni, kijiko kwa kijiko, asubuhi na jioni. Homa ikashuka, mashavu yakarudi. Mshono wenyewe ulikataa katakata kufunga, na daktari akaandika kwamba mgonjwa huyu hamalizi mwaka.

Salat wa kitanda cha pili, aliyepasuliwa kwa ugonjwa uleule, alipona vizuri hata daktari akaita wenzake waje kulitazama kovu lake. Akaruhusiwa, akarudi kijijini, ndani ya ua usio na maziwa. Hakuufikia mwezi wa Ramadhani. Diriye alimaliza mwaka, akamaliza wa pili. Daktari akahamishwa.

Mwaka wa sita, vita vimekwisha na ua umeng'olewa, karani Guleid wa ofisi ya mifugo alifika nyumbani kwao na jibu la barua ya ishirini ya Khadijo ya kumdai Addey: mnyama alikufa, shauri limefungwa. Karani alikuwa ametembea juani. Khadijo akakinga kikombe kwenye mpira wa mumewe, akampa. Guleid akanywa, akafuta sharubu, akaomba cha pili.

"Wallahi matamu, eddo, shangazi yangu," alisema, kisha akafungua kidau cha wino. "Sasa weka dole gumba hapa, kwamba umeelewa ngamia amekufa."

Khadijo akaweka.