Ndevu za Baba

Baba yangu hajawahi kupenda ndevu. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, na aliamini kwamba mwenye ndevu lazima ana kesi mahali fulani. Kila Ijumaa asubuhi aliketi kwenye kiti changu cha kinyozi, nami nikamnyoa kwa wembe. Kila Ijumaa, mpaka ile niliyomkata.

Halikuwa jambo kubwa. Ndivyo nilivyomwambia dada yangu, na ndivyo nilivyomwambia daktari aliyemshona baba nyuzi sita chini ya taya. Mkono ulitetemeka kidogo, nikasema, labda ni baridi. Siku hiyo hata nzi walikuwa wamekimbilia kivulini.

Baba hakunilaumu. Angenilaumu ningepata la kujibu. Yeye akaacha tu kunyoa. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kijana hodari na mkarimu kupita kiasi, alimwita mara mbili, naye akamjibu kwamba ana kinyozi wake. Miezi mitano ndevu zikaota, nyeupe, zikafika kifungo cha kwanza cha shati. Kutwa alijikuna.

"Zinawasha, baba?" dada akamuuliza, makusudi, mbele yangu.

"Hazijambo," akasema baba.

Dada hana subira hiyo. "Kaka, utakwenda kwenye kikundi cha wanaoacha pombe, au utaendelea kunyoa viti?" Maana wateja nao walikuwa wamenikimbia mmoja mmoja, bila kwaheri.

Nikaenda zahanati kuulizia, kwa siri. Muuguzi wa mapokezi aliitunza siri yangu kwa kulitangazia benchi zima: "Ni wewe wa pombe?" Akanipa karatasi yenye vikundi vitatu. Cha kwanza kilikutana nyuma ya duka langu, hatua arobaini. Hicho hapana. Cha pili kilikuwa sokoni, kwenye midomo ya watu. Hapana. Cha tatu kilikuwa katika shule ya msingi upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima, mahali ambapo hata mbwa hawanijui. Nikachagua hicho. Mlevi naye ana heshima yake.

Alhamisi nikavaa kofia, miwani ya jua na koti la shemeji, nikasukuma mlango wa darasa. Viti vya watoto vilikuwa vimepangwa duara, na juu yake, magoti yakigusa videvu, walikaa watu wa mtaa wangu. Muuza nyama. Msoma mita. Mwalimu wa hesabu. Wateja wangu wote waliopotea, na kila mmoja alikuwa na kofia.

"Karibu, kinyozi," akasema muuza nyama. "Vua hiyo miwani, utajikwaa."

Baadaye nilikuja kujua kwamba kile kikundi cha nyuma ya duka langu kimejaa watu wa huko. Kila Alhamisi tunapishana njiani, sisi tukienda kujificha kwao, wao wakija kujificha kwetu.

Mwenyekiti alikuwa mama mshona sare za shule, miaka tisa hajagusa pombe, mwenye upole wa kuudhi. "Kinyozi hajinyoi," akaniambia. Methali hiyo naisikia tangu nifungue duka, na kila anayeisema hudhani ndiye wa kwanza. Nikakaribia kuondoka, lakini zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi juu ya msongo wa mawazo, ambao ni ugonjwa wa kiungwana. Mdomo ukatoa mengine.

"Nilimkata baba yangu. Nilikuwa nimemaliza chupa mbili kabla ya saa tatu asubuhi. Alininusa. Alininusa, akaketi vivyo hivyo."

Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Nikalia, kwenye kiti cha darasa la kwanza, ndani ya koti la shemeji.

Hakuna aliyenibembeleza. Muuza nyama akainua mkono wake wa kushoto. Kidole gumba hakikuwa na ncha. "Sikukuhama kwa hasira," akasema. "Mkono ule niliutambua."

Wiki ya tano niliteleza. Nikarudi, nikasema, na mwenyekiti akaniambia nianze kuhesabu upya, kana kwamba ni kuhesabu vifungo. Nikaanza. Miezi mitatu baadaye muuza nyama akaingia dukani, akaketi. "Nyoa. Mimi damu hainitishi." Nilipomaliza akajipapasa shingo nzima, akapita nyumbani kumsalimia baba. Hakuwa amewahi kumsalimia baba maishani mwake.

Ijumaa iliyofuata baba alikuja mwenyewe. Ndevu zilikuwa zinachuruzika maji. Alishaziosha nyumbani, nisipate pa kuchelewea. Nikamfunga kitambaa. Nikazipunguza kwa mkasi, kazi ambayo hata mlevi anaiweza, nikapaka sabuni, nikashika wembe. Kisha nikauweka mkono mbele ya kioo, tuutazame wote wawili. Ulikuwa umetulia, au karibu umetulia. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

"Nitaanza na upande wa kulia, baba," nikasema. Kovu liko kushoto.

"Zilikuwa zinawasha sana," akasema.

Akainua kidevu, akanigeuzia kovu.

"Anzia hapa."