Kigeuzi cha Muhsin

Muhsin aliingia dukani kwangu Korogwe akinukia marashi, akaketi kwenye kiti cha marehemu mume wangu bila kukaribishwa, akakunja nne.

"Zamda, za siku nyingi?"

"Nzuri. Nani kakwambia ukae?"

Akacheka. Muhsin ana kicheko kizuri na sauti nzuri zaidi, na hivyo viwili vimemlisha maisha yake yote. Vingine vyote alivyonavyo kachukua kwa watu.

"Nimejenga Chanika, pale Handeni," akasema. "Ijumaa ijayo baada ya swala watu wanakuja kula pilau, tunaingia nyumba. Nataka niwapigie wimbo wangu kwenye CD. Kuna tajiri mmoja Dar kakusanya nyimbo za zamani kutoka tepu zile za kwanza za redio, kazitia kwenye CD, na wangu umo. Lakini deki yangu inatoa sauti kama imefungiwa ndani ya debe. Nimeambiwa nitafute kigeuzi, na Tanga nzima nimeambiwa ni wewe tu unacho."

Kwa asiyejua, CD haina sauti ndani yake, ina namba tupu. Kila deki ina kifaa chake cha kugeuza namba hizo kuwa sauti, na deki nyingi zina kifaa ovyo. Mwenye fedha na masikio hununua kisanduku cha peke yake kwa kazi hiyo, akakiunga kati ya deki na amplifaya. Marehemu mume wangu Mhina alinifundisha mambo hayo alipokuwa fundi redio, nami nikayaendeleza. Tangu serikali ilipolegeza masharti ya biashara na makontena yakaanza kushuka Tanga, nimeuza redio, feni, deki na pasi. Mwaka huo wa tisini na saba nilikuwa na vigeuzi viwili rafuni, vilivyokuja na mzigo wa vitu vya mtumba kutoka Ulaya. Vilikuwa vinakula vumbi tu, hakuna aliyeviulizia.

"Kipi kizuri?" Muhsin akauliza. "Nichagulie. Masikio yako nayaamini tangu Mazinde."

Alilitaja Mazinde hivihivi, bila hata kumeza mate. Mikono yangu ilitaka kumrushia pasi.

Mazinde tulikuwa na bendi ya wafanyakazi wa mkonge. Muhsin aliimba, Hiza alipiga gitaa, mimi niliitikia. Muhsin alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini kichwani mwake hamkukaa kitu. Ubeti mmoja ulimshinda. Basi tulikuwa na utaratibu wetu. Mimi nilikaa nyuma yake juu ya kreti la soda, nikimnong'oneza kila mstari kabla hajauimba. Tuliuita kumtilia maneno. Watu walimwona amefumba macho wakadhani amezama kwenye hisia, kumbe anasubiri nimlishe.

Mwaka aliofariki mama yangu nilitunga wimbo. Mama alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchana majani ya mkonge, na mashine ile ilimla kidole, akabaki na vinne mkono wa kulia. Kwa mkono huo alinipikia, akanisuka, akanichapa. Nikatunga: vidole vinne vilinilea. Gari la kurekodi la redio lilipokuja, Muhsin aliuimba kwenye ukumbi wa shamba. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, na mimi nilikuwa kwenye kreti langu. Ubeti wa tatu akakosea, akaimba "vidole vitano vilinilea." Nikamsahihisha kwa mnong'ono, akarudia, "vidole vinne vilinilea," tukaendelea, maana tepu ilikuwa moja na mtangazaji alikuwa na haraka ya kurudi mjini.

Tulipomaliza, mtangazaji akauliza mtunzi ni nani. Nilikuwa nafungua mdomo. Muhsin akanitangulia.

"Mimi. Nimemtungia marehemu mama yangu."

Mama yake! Mama yake Muhsin alikuwa na duka la vitenge Handeni, hajawahi kushika jani la mkonge maishani mwake. Nilimvaa palepale ukumbini, nikamwita mwizi. Hiza akainama akajifanya anakaza nyuzi za gitaa. Wimbo ukapigwa nchi nzima, na watu waliupenda hasa pale vidole vitano vinapogeuka vinne. Muhsin akawaeleza kwamba kidole cha tano ni yeye mwenyewe, mtoto aliyebaki bila mama. Watu wazima na akili zao walilia. Mimi niliposema wimbo ni wangu niliambiwa nina wivu, na kwamba mwitikiaji abaki kuwa mwitikiaji.

Kwenye redio mnong'ono wangu haukusikika. Kulikuwa na mchakacho tu nyuma ya sauti ya Muhsin, kama mtu anayepita kwenye majani makavu ya mahindi. Miaka ishirini nimeusikia mchakacho ule kwenye redio za jirani, na kila mara nimezima au nimeondoka.

"Niachie hiyo CD," nikamwambia. "Nitavijaribu vyote viwili."

Akaenda zake Mombo kuonana na mtu. Nikafunga mlango wa duka, nikavaa hedifoni, nikaanza na kigeuzi cha kwanza. Kilikuwa kitamu, lazima niseme. Kililainisha kila kitu, kama siagi kwenye uji. Gitaa likawa laini, sauti ya Muhsin ikanenepa, mikwaruzo yote ikazama chini isisikike tena. Mteja yeyote angekichukua hicho.

Nikahamishia waya kwenye cha pili. Hicho kilikuwa kikavu na cha kweli. Nilisikia kidole cha Hiza kikiteleza kwenye waya wa gitaa. Nilisikia mtu akikohoa mwisho wa ukumbi. Kisha nikasikia kreti la soda likilia, nami nililijua kreti lile, nikaganda. Halafu nikajisikia mwenyewe, msichana, nikimtilia maneno mstari baada ya mstari, na Muhsin akinifuata kama mbuzi wa kufungwa kamba. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuwa na sauti changa namna ile. Ulipofika ubeti wa tatu nililia, na kabla sijamaliza kulia nilikuwa nacheka peke yangu dukani.

Aliporudi nilikuwa nimenawa uso.

"Nakwambia ukweli," nikasema. "Hiki cha kwanza kinapendeza, kinafunika makosa. Hiki cha pili hakifichi kitu. Chochote kilichomo kwenye CD, watu watakisikia. Chagua mwenyewe."

Nataka ijulikane kwamba sikumdanganya hata kwa neno moja.

Akavaa hedifoni, akaanza na cha kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwekea cha pili. Akinisikia tu, atachukua cha kwanza, na mimi nitabaki na kisanduku changu na hasira zangu hadi kaburini. Alifumba macho kama zamani. Midomo yake ikafuata maneno, na sauti yangu ilikuwa mlemle masikioni mwake, ikimwambia la kuimba. Beti zote zikapita, na ule wa tatu ukapita. Akavua hedifoni, uso unang'aa.

"Zamda, nasikia hata pumzi yangu!"

Alijisikia yeye tu. Mtu huyu nilimlisha maneno mdomoni mwaka hadi mwaka bila yeye kunisikiliza, kwa nini aanze leo?

"Nifungie hiki," akasema. "Kwani mimi nina cha kuficha?"

"Utajua mwenyewe."

"Na uje kukifunga wewe. Sitaki mafundi wa kubahatisha."

Nikamwambia nitakuja, hata kama itanibidi nitembee kwa miguu Korogwe hadi Handeni.

Ijumaa nilifika Chanika mapema. Nyumba ilikuwa nzuri, bati jipya, zulia jekundu, vitambaa vya kufumwa juu ya kila kitu. Mke wake Maryamu, binti mdogo mwenye adabu, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujambo mdogo wangu?"

Akaniletea chai na maandazi, akaniuliza habari za safari, akanionyesha mahali pa kuweka mkoba. Nilimwonea huruma kidogo, lakini si ya kutosha kunirudisha Korogwe.

Nilivifunga vyombo vile kama sijawahi kufunga vingine. Niliziachanisha spika, nikazielekeza kwenye makochi ya wageni. Niliomba feni izimwe kwa sababu inaingiza ngurumo kwenye waya, na madirisha ya upande wa barabarani yafungwe. Muhsin alinisifu mbele ya watu. Alisema, "Mnaona? Fundi wa kweli."

Watu wakala wakashiba. Wanaume walijaa sebuleni, wanawake ukumbini na kwenye mlango wa uani. Kwenye kochi kubwa alikaa mama mkubwa wake Muhsin, dada wa marehemu mama yake, bibi wa meno machache na macho makali. Hiza naye alikuwepo, mvi kichwa kizima, akaniona akatazama sahani yake.

Muhsin akasimama. Akaeleza habari za mama yake, habari za kidole cha tano, sauti ikamtetemeka pale inapotetemeka siku zote. Kisha akabonyeza rimoti.

Gitaa likaanza, watu wakanyamaza. Halafu chumba kizima kikamsikia mwanamke akinong'ona mstari, na Muhsin akauimba. Akanong'ona wa pili, Muhsin akaimba wa pili. Watu wakaanza kutazamana. Mzee mmoja aligeuka nyuma akidhani kuna mtu kakaa mgongoni kwake.

Maryamu, masikini, ndiye aliyeuliza, tena kwa sauti ya kawaida kabisa. "Baba, huyo mwanamke anayekusomea ni nani?"

"CD mbovu," Muhsin akasema, akainua rimoti.

"Usizime." Hiza alikuwa amesimama. "Miaka yote hii nimenyamaza. Usizime, Muhsin. Waache wasikie."

Muhsin angeweza kuzima. Lakini macho ya watu wote yalikuwa kwenye kidole chake, na anayezima wimbo wa mama yake mwenyewe anajieleza vipi? Akabaki ameshika rimoti hewani. Ubeti wa tatu ukaingia. Sauti yake nzuri ikaimba, "vidole vitano vilinilea," pale walipolia miaka yote, na papo hapo nyuma yake msichana akasema kwa hasira, wazi kama yuko mlangoni, "Vinne, Muhsin! Mama yangu alikuwa na vinne!"

Na Muhsin wa kwenye CD, mtiifu, akaimba, "vidole vinne vilinilea."

Hakuna aliyelia. Mtu mmoja ukumbini aliguna, mwingine akaangua kicheko akajiziba kwa kanga. Jasho lilimtoka Muhsin likalowesha kola ya kanzu yake mpya. Nilimtazama nikafurahi. Sitaki kujipamba, nilifurahi kwelikweli. Hatimaye akabonyeza, wimbo ukakatika.

"Mama mkubwa," akaanza, "ule ulikuwa mzaha wa..."

"Dada yangu nilimwosha mimi alipokufa," bibi yule akasema. "Alikuwa na vidole vyake vyote kumi. Siku zote nikidhani ni mambo ya watunzi, nikakuachia." Akageuza macho yake makali yakatafuta chumbani hadi yakanifikia mimi, nimesimama kando ya amplifaya. "Sauti ile ni yako wewe, fundi?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako aliitwa nani?"

Miaka yote ile watu walikuwa wameuimba mkono wa mama yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hilo. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumvua Muhsin nguo mbele ya wageni wake, matusi niliyoyanoa miaka yote ile, na yote yakanitoka kichwani. Nilibaki na neno moja.

"Mwanjaa," nikasema. "Mwanjaa wa Mazinde. Alikatwa kidole na korona."

Bibi akavuta upande wa kanga yake, akajiweka sawa kwenye kochi.

"Haya, rudisha mwanzo. Tumsikilize Mwanjaa."

Nikamwendea Muhsin katikati ya sebule yake, nikanyoosha mkono. Akanipa rimoti. Nikarudisha mwanzo, nikaongeza sauti.