Kaburi la Kuigizia

Mimi naziba pancha za malori Tunduma, na kila asubuhi kabla sijawasha kompresa naandika stetasi kwenye simu. Siandiki habari za mpira. Naandika nilipofika kwenye kitabu. "Leo mazombi wamevunja geti la hospitali. Daktari amebaki juu ya paa na mbwa wake." Basi, nafunga simu naenda kazini. Wapo wanaonitukana, wapo wanaopiga kuuliza kama mbwa alipona.

Vitabu navitoa kwenye marobota ya mitumba yanayoingia kutoka Zambia. Wenye nguo wanavitupa pembeni, mimi navichukua. Shule niliacha darasa la tano, Kiingereza nikajifunza kwa madereva na kwa kamusi. Nasoma polepole lakini namaliza. Vya vita nasoma, vya mapenzi nasoma, ila vya mazombi ndivyo vyangu. Na niseme mapema, maana watu wa kwetu Ileje wanachanganya: zombi si msukule. Msukule ana mwenyewe, kachukuliwa na mchawi akamlimie shamba. Zombi hana mwenyewe. Kainuka, anatembea, ana njaa, hakuna wa kumtuma wala wa kumrudisha.

Alinanuswe, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu kule nyumbani Ikinga, alikuwa anazisoma stetasi zangu. Mwezi uliopita akanipigia.

"Kaka Ambakisye, tunarekodi video. Wimbo ni wa siku ya ufufuo. Tunataka mtu wa kutoka kaburini."

"Kwaya nzima hamna mtu?"

"Hakuna anayekubali kulala mle. Besi wote wamesema mgongo unawauma. Nikaona wewe una uzoefu."

"Uzoefu wa kufa?"

"Wa kufufuka."

Nikakubali palepale. Watu wamenicheka miaka mingi kwa ajili ya wafu wangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mfu anainukaje. Nilifanya mazoezi nyuma ya kibanda. Mtu aliyelala chini ya udongo haruki kama aliyeitwa kula. Goti limekauka, shingo nzito. Kwanza mkono utafute ukingo, kisha kiwiko, kisha apumzike, maana amesahau mwili wake unavyoendeshwa. Madereva walisimama kutazama. Mmoja wa Ndola akaniuliza kama nimegongwa.

Siku moja kabla ya kurekodi nikapanda kwenda Ikinga. Nilimkuta mama anapukuchua mahindi.

"Nimesikia," akasema kabla sijakaa. "Umechimbiwa."

"La kamera tu, mama."

"Limechimbwa wapi?"

"Makaburini, upande wa mikaratusi."

"Mtu anaenea?"

"Anaenea."

"Basi ni kaburi. Wewe utalala, utatoka. Lenyewe litabaki na nini?"

Nilijua anakoelekea. Mama amezika watoto wawili, kaka zangu. Kaburi la wa pili lilichimbwa mara mbili. La kwanza lilikuta mwamba, wachimbaji wakahamia pembeni, mvua ikawakimbiza, lile la mwamba likafukiwa tupu. Kwetu kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu. Kama halikupata mtu linapewa mgomba, ulale mahali pa mtu. Siku ile walisahau. Kabla mahindi ya mwaka ule hayajavunwa, baba akafa. Mama hajawahi kuzitenganisha habari hizo mbili, na mimi ndiye mtoto aliyebaki.

"Ukilala mle bila mgomba," akasema, "mimi sitakuja kukuzika. Nimechoka kuzika. Watakuzika wao na kamera yao."

"Mgomba utawekwa."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema."

"Tangu lini wewe ni mzee wa kanisa?"

Hapo alinigusa. Mzee wa kanisa ni Fanueli, na Fanueli ukimtajia mila anakuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Lakini nilishasema, na nilikuwa sina mpango wa kurudi nyuma.

Kesho yake kwaya ilikuwa imejipanga makaburini na majoho ya bluu. Watson, mpiga picha niliyepanda naye gari moja kutoka Tunduma, alikuwa anahangaika na mawingu. Nikavua shati, nikajifunga shuka jeupe. Ndipo mama akatokea njiani, kipande cha mgomba kichwani juu ya kata. Alikuwa ameukata mwenyewe, utomvu umemchuruzika mpaka begani. Akautua karibu na rundo la udongo, akakaa chini, akanyoosha miguu.

Fanueli akamfuata. "Mama, hii nini?"

"Mgomba."

"Mgomba nauona. Unafanya nini hapa?"

"Unasubiri zamu yake."

Fanueli akanigeukia mimi. "Ambakisye, hatuwezi kuimba ufufuo halafu tuzike mgomba. Haya ndiyo mambo tuliyoacha. Mkimaliza, vijana watafukia udongo, inatosha."

"Nikitoka, mgomba unaingia. Kamera haitauona."

"Mungu atauona."

"Mungu ameiona migomba mingi, mzee."

"Nimesema hapana."

"Basi mimi silali."

Nikakaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu inaning'inia ndani, nikatoa kitabu kwenye mfuko wa suruali, nikafungua nilipoishia.

Alinanuswe akaja akachuchumaa. "Kaka, ukungu unashuka. Ukifika hapa hatuna picha."

"Nauona."

"Si ungesoma baadaye?"

"Hapa ndipo pamenoga."

Mwimbaji mmoja wa sauti ya tena akauliza kutoka mstari wa nyuma, "Wamefika wapi?"

"Wamelizunguka kanisa."

"Na wa ndani?"

"Wa ndani wanagombana."

Kwaya ikacheka. Fanueli hakucheka. Akasema mmoja wa vijana avae shuka, kazi iendelee. Hakuna aliyesogea. Besi mmoja akashika mgongo. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza, Gwantwa, mke wa Alinanuswe, ambaye haogopi mtu, akasema, "Mzee Fanueli, urefu wako unaenea vizuri mle."

Fanueli akatazama ndani ya shimo. Alilitazama kidogo tu, akahamisha macho kwenye mikaratusi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe mwenyewe unaamini kaburi lina njaa?"

"Siamini. Kwenye vitabu vyangu wenye njaa ni wafu. Kaburi halina tatizo na mtu."

"Sasa unang'ang'ania nini?"

"Huyu aliyekaa pale anaamini. Mimi ndiye aliyebaki kwake. Silali huku ananitazama hivyo."

"Unataka niruhusu mila kwa mdomo wangu?"

"Usiruhusu. Nenda kule kwenye miti, utazame bonde."

Alisimama pale mpaka ukungu ukagusa mikaratusi ya juu. Halafu akafunga vifungo vya koti na kuondoka. Hakusema ndiyo. Mimi nikamwangalia mama, nikafunga kitabu, nikateremka.

Chini kulikuwa na baridi ya udongo mpya na harufu ya mizizi iliyokatwa. Watson akapaza sauti, "Ukitoka utabasamu." Nikamwambia ashike kamera yake, aniachie mimi sehemu yangu.

Wakaanza kuimba. Nilingoja mpaka besi walipoingia. Mkono ukatafuta ukingo, kiwiko kikafuata, nikapumzika. Kichwa kilipotoka nikasikia alto wawili wameacha wimbo na kukimbia. Sikukimbizana na wimbo. Nikaweka goti, likakataa, nikaliweka tena. Nikasikia Watson ananong'ona, "Hivyohivyo, hivyohivyo, usiharakishe."

Mama hakufunika uso kama nilivyodhani. Alikuwa anatazama miguu yangu. Mguu wa kwanza ulipokanyaga nyasi hakutikisika. Wa pili ulipotoka, akainuka, akausukuma mgomba kwa mikono yote miwili, ukaingia kaburini kwa kishindo nyuma ya mgongo wangu, kamera inaendelea.

"Simama, simama," Watson akasema. "Bibi ameingia kwenye picha. Tunarudia."

"Harudii mtu," mama akamjibu. "Mle ndani mna mtu."

Akachukua chepe kwenye rundo la udongo na kuanza kufukia. Mama ni mzee, chepe lilikuwa linamzidi. Alimwaga udongo kidogo, akapumua, akamwaga tena. Kwaya ilisimama kutazama.

Huku kwetu watu hawasimami kutazama mtu mmoja akifukia kaburi. Hata adui wa marehemu atapokea chepe, atatupa udongo, atampa wa nyuma yake. Nilitaka kwenda kumpokea, shuka likanifunga miguu. Kabla sijalifungua, Fanueli alishatoka kwenye miti. Alikuja kwa hatua ndefu huku anavua koti, akalitupia juu ya msalaba wa kaburi la jirani.

"Lete, mama."

Mama akampa. Fanueli alifukia kama anavyofukia makaburi yote, kwa nguvu na bila maneno, mpaka besi wakaja na machepe yao wakaanza kupokezana. Hakuna aliyekumbuka mgongo. Walipomaliza kurundika, Fanueli akausawazisha udongo kichwani na miguuni, akavua kofia. Wenye kofia wakavua. Tukasubiri sala, kwa mazoea.

Fanueli akalitazama rundo, akanitazama mimi na shuka langu lenye matope, akavaa kofia yake.

"Nimefukia shimo," akasema. "Shimo tu."

"Ndiyo, mzee," mama akasema. "Ahsante kwa kunizikia."