Kipengele cha Tatu: Kula ya Uongozi

Mukandekezi, mpiga taipu wa benki ya akiba ya wafanyabiashara pale Biryogo, alikuwa na dosari moja kazini: alijua Kiswahili. Mkurugenzi wake, Bwana Gakwaya, alijua mengine yote. Alijua kuifilisi benki, na serikali ilipoiokoa kwa kodi za wananchi mwanzoni mwa mwaka 1992, alijua pia kubaki kitini.

Ujanani Gakwaya alichekwa kwa kusema "rakini". Tangu siku hiyo aliikimbia r kama anayekimbia nyuki, akatia l kila mahali na kuuita huo usomi. Alisema balua. Alisema balabala. Siku Mukandekezi alipothubutu kumsahihishia barua, aliambiwa:

"Binti, andika ninachosema. Ukibadilisha helufi moja tena, utatafuta kazi Gatsata, kwa mafundi wa magali."

Mshahara wa Mukandekezi ndio uliowasomesha wadogo zake wawili. Akatii.

Ukafika mkutano mkuu, ambamo wanachama wangemwongezea Gakwaya miaka mitano au wangemnyima. Gakwaya alimtamkia mpiga taipu ajenda, na alipofika kipengele cha tatu akasema kwa heshima zote: "Kula ya uongozi." Mukandekezi alisimamisha vidole, akamtazama, kisha akaandika kama alivyosikia. Nakala mia mbili zikagawiwa.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa. Dua ikasomwa, taarifa ya fedha za serikali ikasomwa kwa haraka isiyo ya kawaida. Usumani, fundi cherehani, akasimama.

"Bwana Mwenyekiti, tumefika cha tatu. Tunaomba uongozi utueleze ulikula nini."

"Na ulikula na nani!" akadakia Nyirahabimana, muuza vitenge.

Gakwaya akatabasamu kwa shida. "Hilo ni kosa la taipu, ndugu zangu. Tuendelee."

"Hapana, baba," alisema Usumani. "Kila mwaka tukiuliza pesa zetu ziliko, unatujibu kisichoandikwa kwenye ajenda hakijadiliwi, na kilichoandikwa hakirukwi. Leo kimeandikwa."

Eustache, afisa wa wizara aliyetumwa kufuatilia fedha za serikali, alimgeukia mwenyekiti. "Sheria zenu zinasema hivyo?"

"Zinasema hivyo," alijibu mwenyekiti, akitazama viatu vyake.

Gakwaya akainama kwenye meza ambapo Mukandekezi alikuwa akiandika kumbukumbu za mkutano. "Waambie umekosea, na kazi yako ipo," alinong'ona. "Usiposema, unaijua njia ya Gatsata."

Mukandekezi akasimama. Aliwafikiria wadogo zake, akaifikiria ada ya muhula ujao. Kusema amekosea kungekuwa uongo mdogo tu, wa neno moja.

"Sikukosea," alisema. "Niliandika alichotamka. Aliniamuru nisibadilishe hata herufi moja."

"Uongo!" Gakwaya aliruka. "Mimi nilisema kula! Kula, jamani! Siyo kula, *kula*!"

Usumani aliivua kofia akajifunika uso. Nyirahabimana alilala begani mwa jirani yake, machozi yakimtoka. Hata Eustache alikohoa muda mrefu kuliko mafua yoyote yanavyohitaji. Alipopona, akafungua faili.

"Basi tuanze. Gari la benki liliuzwa kwa nani?"

"Kwa... shemeji yangu."

"Na mkopo uliojenga nyumba yako Kimihurura, umelipwa?"

"Bado."

Waliendelea hivyo saa tatu nzima, Mukandekezi akiandika kila jibu. Kura haikupigwa, maana haikuwamo kwenye ajenda, na muhula wa mkurugenzi ulikoma siku ile ile saa sita mchana.

Mlangoni Gakwaya alimnyooshea kidole. "Umefukuzwa kazi!"

"Na nani, mzee?" aliuliza Mukandekezi kwa adabu. "Sasa ni saa saba."

Jumatatu alipiga taipu majibu yote, kurasa tisa, na yeye na Eustache wakazipeleka kwa mwendesha mashtaka.