Kitanda cha Mteja

Seremala alivichonga vitanda vya mtaa mzima, lakini yeye na mkewe walilala mkekani. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea, seremala alibeba kitanda cha mteja kutoka karakana akamtandikia, na mkeka akausukumia uvunguni. Bwana mkubwa kwa usiku mmoja!

Asubuhi mteja akapiga hodi.

"Fundi, kitanda changu hakipo karakanani. Kiko wapi?"

Mama mkwe alikuwa bado amejilaza juu yake. Seremala akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mama akainuka, akakunja shuka. "Nilikuwa nakijaribu, mwanangu. Hakilii hata kidogo." Kisha akamgeukia seremala kwa upole. "Haya mkwe, shika huko kichwani tumtolee."

Wakakiinua. Pale chini ukabaki mkeka, umechakaa katikati, mahali pa watu wawili.