Springi ya Lori

Jicho hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alipewa na wanunuzi wenzake wa silaha za kale, watu wa panga, vitara na majambia, waliochoka kufika kila nyumba na kuambiwa kwamba yeye ameshapita na kitu kizuri ameshakibeba. Walisema jicho lake linaona hadi chini ya kutu, na kweli lilikuwa linaona. Ungempa upanga uliofungwa kwenye gunia, angeupima uzito mkononi kabla hajaufungua, kisha angeupinda kidogo ncha na kuligonga bapa kwa ukucha, sikio ameinamisha. Angenusa ngozi ya ala akwambie kama imezeeka yenyewe au imezeeshwa kwa maji ya chai. Wako mafundi wanaozika chuma kipya ardhini pamoja na chumvi, kikatoka na kutu ya babu wa babu. Hao hawakumpata hata siku moja.

Lakini jicho ni jambo moja na mdomo ni jambo jingine.

Akiingia nyumba ya mtu, mjane labda, au watoto waliorithi kitu wasichokijua, neno lake la kwanza lilikuwa lile lile. Alikitazama kitara, akakirudisha mezani taratibu, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hiki kipya, mama. Cha kuuzia watalii." Basi mwenye nyumba anajiona mjinga, na anayejiona mjinga hana nguvu ya kubishana. Jicho anaaga, anafika mlangoni, anageuka kama aliyekumbuka jambo. "Au nipe tu nikitundike ukutani, kisikusumbue." Wiki ijayo kitara kiko dukani kwake na maelezo mengine kabisa. Yeye hakuuita uongo. Aliuita kazi.

Sasa, kwao nako kulikuwa na kitara. Kilitundikwa juu ya kitanda cha baba yake, mpini wake umezungushiwa waya wa fedha uliolainishwa na viganja vya watu waliokufa zamani. Hakuna mtoto wa nyumba ile asiyeijua hadithi yake. Babu wa baba alikuwa mlinzi wa misafara. Siku moja mfanyabiashara mmoja aliugua njiani, msafara ukamwacha afe, na babu huyo akabaki naye peke yake porini, akimnywesha maji kwa kiganja mpaka akapona. Mgonjwa aliposimama kwa miguu yake, alivua kitara kiunoni akampa. Baba aliipenda hadithi hiyo kuliko chakula. Lakini kitara chenyewe hakumruhusu Jicho kukishusha. "Kitazame hapo hapo kilipo," alikuwa akimwambia. "Wewe huwezi kutazama kitu bila kukiuza."

Baba alipougua, dada mdogo wa Jicho, Mama Pacha, ndiye aliyemwosha, aliyemlisha na kumbadilishia shuka. Jicho alipita siku za mapumziko na mfuko wa machungwa. Mzee alipokata roho, mwanawe alikuwa mji mwingine, kwenye nyumba ya msiba wa watu wengine, anatikisa kichwa kwa huruma.

Mzee aliacha neno kwamba kitara kikae na binti yake. Jicho alipoambiwa alisema ni sawa, tena kwa tabasamu. Lakini ilimuuma, tena tuseme bila kuficha, ilimuuma kuliko kifo chenyewe. Yeye ndiye mtoto wa kiume wa pekee, yeye ndiye anayejua thamani ya vitu hivi, halafu kitara anapewa mtu asiyejua hata kukipaka mafuta.

Tena ni Mama Pacha mwenyewe aliyemletea mkononi, mazishi yamekwisha, nyumbani wamebaki wenyewe: yeye, mumewe ambaye ni mhunzi, na shangazi yao mzee. "Kaka, wewe ndiye unayejua mambo haya. Kitazame kitara cha baba, utuambie. Nataka wanangu wakijue."

Jicho alikipeleka dirishani. Alisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mahali padogo kama ukucha, akaweka lenzi. Chini ya uchafu kulikuwa na mawimbi. Siyo yale ya kuchorwa kwa tindikali, yanayokaa juu juu kama rangi. Haya yalikuwa ndani ya chuma chenyewe, membamba, yanatembea. Karibu na mpini palikuwa na muhuri mdogo wa fundi, herufi za Kiarabu zilizolika nusu. Chuma cha namna hiyo alikuwa amekishika mara chache sana maishani, na kila mara kilikuwa cha mtu mwingine. Baba hakuwa ameongeza chumvi. Kitu kama hiki hapewi mtu bure, anapewa aliyeokoa roho.

Akageuka kuwaambia. Na mdomo, uliozoea kazi yake, ukafika kabla yake.

"Hiki kipya," alisema. "Springi ya lori. Mtu kaifua, kaipaka uzee, kauza."

"Lakini baba alisema..." Mama Pacha alianza.

"Baba alipenda hadithi, mdogo wangu."

Shangazi aliinua uso. "Mimi nimekiona kitara hiki ukutani kabla sijaliona lori kwa macho yangu."

"Labda ulikiona kingine, shangazi. Cha mwanzo kiliibwa, hiki kikawekwa. Hutokea." Alisema kwa upole, kwa sauti ile anayotumia kwa wajane. "Na hiyo siyo fedha hapo mpinini. Ni bati." Huku anasema, kidole gumba chake kilikuwa kinarudisha uchafu juu ya yale mawimbi.

Uongo wa biashara una nusu mbili, kukidunisha kitu na kukichukua. Jicho alifika mlangoni kama kawaida yake, akageuka kumalizia nusu ya pili. Akamwona dada yake amekaa kwenye kitanda kitupu cha baba, anajifuta machozi kwa ncha ya shuka. Akaona haya. Haya hiyo ndiyo iliyomponza, maana ilikuja imechelewa. Ingekuja mapema kidogo angesema kweli, na isingekuja kabisa angeondoka na kitara. Aliondoka mikono mitupu, na uongo wake akauacha mle ndani uishi na watu.

Akajiambia subira huvuta heri. Watakichoka wenyewe, siku moja dada atasema, kaka hebu chukua takataka yako. Na kila alipokwenda kuwatembelea jicho lake lilikitafuta kwanza, salamu baadaye. Kitara kilishuka ukutani kikakaa nyuma ya kabati, kikatoka nyuma ya kabati kikaenda stoo, kikalala na majembe. Jicho alifurahi. Kadiri kinavyoshuka, aliona, ndivyo kinavyomkaribia.

Asichokiona ni vitu vingine vilivyoshuka pamoja nacho. Shangazi aliacha kuisimulia ile hadithi. Wale pacha walipomwomba, alisema, "Muulizeni mjomba wenu, mimi siku hizi naota." Akafa hivyo hivyo, ameshakubali kwamba kumbukumbu yake imeoza. Jicho alilia sana makaburini. Watu walimsifu kwa kumpenda shangazi yake.

Halafu Jicho akahamia duka jipya, lenye madirisha mapana na kabati za vioo, na asubuhi ya kulifungua Mama Pacha akaja na mumewe. Walivaa nguo zao nzuri. Mhunzi alibeba kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Kaka, tulijiuliza tukupe nini mtu kama wewe," Mama Pacha alisema, amefurahi kama mtoto. "Kila kitu unacho. Ndipo nikakumbuka unavyolalamika makreti yako hayafunguki. Shemeji yako kakutengenezea."

Kilikuwa kisu kipana, kifupi, kizito, kimenolewa vizuri, mpini wa mti mgumu uliopigwa msasa mpaka unang'aa. Kazi safi. Jicho alikipima mkononi bila kufikiri, akaligonga bapa kwa ukucha, na sauti ikamfikia kabla ya akili. Sikio lilikijua chuma kile.

"Kimetoka wapi?" aliuliza.

"Si ile springi yako!" shemeji alicheka. "Ulisema springi, nami springi ndiyo ninayoipenda, hakuna chuma kizuri cha kisu kama springi ya lori. Lakini ile ilinitoa jasho, shemeji. Niliipasha mpaka ikawa nyeupe, kama ninavyopasha zote, nusu nzima ikamomonyoka kama biskuti. Lori lenyewe lilikuwa bovu. Hiki ndicho kilichobaki."

Jicho aliweka lenzi. Alijua hakuna kitu, lakini aliiweka. Chuma kile hakivumilii moto mweupe, mawimbi yake hufa humo, na yalikuwa yamekufa. Uso ulikuwa wa kijivu, mtupu. Pale palipokuwa na muhuri palikuwa na alama za nyundo.

"Na mpini? Ule wa zamani?"

"Lile bati? Pacha walilichezea, sijui limepotelea wapi," Mama Pacha alisema. Kisha akamtazama vizuri. "Kaka. Mbona unalilia springi ya lori?"

Hakujua kwamba analia. Alijipangusa, akasema ni vumbi la rangi mpya, na dada yake akaendelea kumtazama. Alikuwa na macho ya baba, yasiyoondoka. Jicho akakaa kwenye kreti.

"Haikuwa springi," alisema. "Kilikuwa cha kweli. Nilikiona pale dirishani. Nilikitaka, nikasema uongo."

Mhunzi alianza kucheka, akaacha.

"Haiwezekani," Mama Pacha alisema taratibu. "Unasema hivyo ili nisijisikie vibaya."

"Naapa."

"Basi nionyeshe. Si umesema siku zote kitu kama hiki kinajieleza chenyewe? Nionyeshe kinaposema."

Jicho alikigeuza kisu huku na huku. Hapakuwa na pa kuonyesha. Muhuri ulipigwa nyundo, fedha ilipotelea mchangani, na shangazi, aliyekuwa shahidi wa mwisho, yuko kaburini anaamini kwamba alikuwa anaota. Neno la Jicho lilikuwa limebaki peke yake, na halikuwa na uzito hata wa ule mpini.

"Siku ile ulisema kwa sauti hii hii," dada yake alisema. "Kwa upole huu huu. Mimi nitajuaje?" Hakuwa amepandisha sauti. "Wanangu nimewaambia babu yao alikuwa anatunga. Nimewaambia kwa mdomo wangu, kaka, kwa sababu wewe ulisema. Kama leo unasema kweli, basi nimemtukana baba yangu ndani ya nyumba yake."

"Ninasema kweli. Waite pacha, nitawaambia mwenyewe. Nitawaambia kila kitu."

Dada yake alisimama akimchunguza, na Jicho akaona kwamba anakaribia kuamini. Alikuwa anaumia, lakini anataka kuamini, kwa ajili ya mzee. Alivuta pumzi. "Jumapili, basi," alisema. "Uje nyumbani uwaambie mbele yangu."

Alimshika mumewe mkono wakaelekea mlangoni, na hapo hapo mteja wa kwanza wa duka jipya akaingia, mzee mmoja mnunuzi, mtu wa miaka mingi katika vitu hivi, akawapisha kwa heshima. Kisu kilikuwa juu ya kabati pamoja na lenzi. Mzee akakichukua, akakipima, akaligonga bapa.

"Chuma hiki kina sauti," alisema. "Ni cha kale hiki?"

Jicho angeweza kusema neno moja tu. "Ndiyo" lingetosha, na dada yake alikuwa bado kizingitini. Lakini mnunuzi angeuliza kilikuwa nini, na nani kakiharibu, na mhunzi gani, na kwa nini mtu mwenye jicho lake aliwaachia. Duka lilikuwa jipya. Jina lilikuwa la zamani.

"Hicho kipya, mzee," Jicho alisema, kwa upole. "Springi ya lori. Cha kufungulia makreti."

Mama Pacha alisimama. Hakugeuka. Mumewe alimwuliza kama kuna kitu amesahau, naye akasema hapana, twende.